Alipitia wapi? Sasisho jipya limeniulia wachimbaji 11 ndani ya chumba kilichofungwa

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo asiye na muda apite tu. Nina saa 130 na ushei kwenye hii gemu ya kuongoza wachimbaji chini ya ardhi, ile ambayo lifti inakatika siku ya kwanza na unabaki na watu wako, taa chache, shimo linalokutaka uzidi kushuka, na kiumbe anayewawinda humo gizani. Saa hizo nazitaja mapema kwa sababu nawajua watu wa "jifunze kucheza". Nimejifunza. Nimefukiwa, nimelipuliwa, nimekufa njaa, na kila mara nilijua nilikosea wapi. Safari hii sijui.

Ngoja niwapeleke palepale.

Siku ya 41, ngazi ya sita. Nina wachimbaji 11, wote wazima. Sijawahi kufika chini hivyo bila kuzika mtu. Handaki la mashariki lina madini mazuri ila dari lake bovu, kwa hiyo nimelipigia matimba, yaani nguzo za mbao za kushikilia dari, kila baada ya hatua mbili. Usiku, matimba yanaanza kulia. Mnaijua ile sauti: kwanza kama mtu anavunja njiti, halafu kimya, halafu kama mlango mzito unasukumwa taratibu. Mimi gemu hii niliinunua kwa sababu ya sauti hiyo. Na wala hawakuitunga. Wachimbaji wengi wa zamani waliiamini nguzo ya mbao kwa sababu mbao inapolemewa hulia kabla ya kukatika, mtu akapata nafasi ya kukimbia.

Nikasimamisha gemu. Nikawatoa wote handakini, nikawarudisha chumba cha kulala, nikafunga milango miwili ya chuma, nikaziba njia ya hewa ya mashariki kwa kifusi, nikabakiza tundu la juu ambalo hata paka hapiti. Nikahesabu vichwa: 11. Taa tatu zinawaka na mafuta ya siku mbili yapo. Nikaruhusu muda uende.

Haikupita hata dakika. Tovi, yule fundi matimba mwenye kikohozi, niliyekuwa naye tangu lifti inakatika, akaamka na kukaa kitandani anakodolea ukuta. Skrini ikatikisika. Kiumbe yuko katikati ya chumba. Katikati! Milango imefungwa kama nilivyoiacha, ukuta hauna hata ufa, taa zote tatu zinawaka, na taa ndiyo kitu ambacho gemu yenyewe inakufundisha tangu mwanzo kwamba kiumbe hakivumilii. Kilichofuata hakikufika dakika mbili. Kisha gemu ikajisevu yenyewe juu ya sevu yangu pekee, ikaniletea ule ukurasa mweusi wenye majina ya marehemu. Tovi wa kwanza.

Kwa bahati huwa narekodi. Nikairudisha video nyuma, nikaiangalia picha kwa picha kama mpelelezi. Picha moja chumba kina watu 11. Picha inayofuata kina watu 11 na kiumbe.

Alipitia wapi?

Kwa walioanza kucheza baada ya sasisho, niwaeleze mlichokosa. Zamani kiumbe alikuwa anatembea. Alikuwa na mahali alipo hata kama humwoni, na ili akufikie ilibidi apite kwenye mahandaki yako mwenyewe. Kelele za nyundo zilimvuta, baruti zilimvuta zaidi, mwanga ulimrudisha nyuma. Mwamba laini aliweza kuutoboa, ila ilimchukua muda, na ukitulia ulisikia kokoto zikidondoka upande wa pili wa ukuta. Basi kila siku ulikuwa na maamuzi ya kukunyima usingizi. Nitumie baruti nipate madini kabla tanuri halijazimika, au nitumie sururu polepole watu wapigwe na baridi? Nichimbe njia ya mkato kuelekea kisimani, nikijua njia ya mkato yangu ni yake pia? Kuna mara moja alinimaliza kupitia handaki nililolichimba siku ya 3 nikalisahau. Nilikaa naangalia ramani nacheka peke yangu, kwa sababu njia nilimchongea mimi.

Sasa hivi hasafiri. Analetwa. Nimeanza upya mara sita kwa mipangilio ileile nipate uhakika, na kila nikikaa siku kadhaa bila msiba, anatokea, niwe nimefunga au nimeacha wazi, niwe nimepiga baruti au sijagusa hata koleo. Safari ya nne niliwalaza watu wangu siku nzima gizani bila kufanya kazi. Akaja. Safari ya tano niliwasha kila taa niliyokuwa nayo. Akaja. Kwa hiyo ninavyoona mimi, gemu ina hesabu yake ya siri: ukionekana unafanya vizuri, unaadhibiwa. Sasa kama kufunga mlango na kutofunga ni sawasawa, mlango nimeutengenezea nini? Chuma cha mlango mmoja ni kazi ya siku mbili!

Kuna mtu kaniambia hofu lazima ikushtukize. Sawa, kwenye gemu ya kutembea peke yako na tochi, nishtukize, nitaruka kwenye kiti, nitaendelea. Hapa nimelea watu 11 kwa siku 41. Najua nani anakoroma, nani hataki kulala karibu na nani. Ukitaka kuniogopesha hapa, nionyeshe ninachokwenda kukipoteza na uniachie nafasi ya kukosea. Watengenezaji wenzao wanalijua hili miaka mingi. Dwarf Fortress, gemu ya kuongoza mbilikimo wachimbaji, iko hadharani tangu 2006, na pale ukiufuata mshipa wa adamantini, madini ya kubuni ya thamani kubwa, hadi tamaa ikakuzidi, unatoboa kuzimu na mashetani wanapanda kwenye shimo lako. Hakuna mchezaji wa pale anayeuliza wametokea wapi. Frostpunk ya 2018, gemu ya kuongoza mji kwenye baridi kali, inakuonyesha dhoruba ya baridi inakuja kabla haijafika, unapiga hesabu ya makaa, unaona hayatoshi, na tumbo linakukata siku nzima bila kiumbe yeyote kurukia skrini.

Halafu hewa. Hapa ndipo nilipokaribia kulia kweli.

Mfumo wa zamani wa gesi ulikuwa umetengenezwa na mtu aliyesoma. Methani ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo ilikuwa inajikusanya darini. Hewa ukaa (kaboni dioksidi) ni nzito, ilikuwa inatulia sakafuni na kwenye mashimo ya chini. Mchimbaji aliyeinama kuokota sururu alikufa kwa moja, aliyeinua taa juu kukagua dari akalipuka kwa nyingine, ndani ya chumba kilekile. Na methani hailipuki ovyo. Inahitaji kuwa kati ya asilimia 5 na 15 hivi ya hewa. Ikipungua hapo ni kidogo mno, ikizidi oksijeni haitoshi. Gemu ililiheshimu hilo, na ndipo ulipokuwa mtego mtamu kuliko yote: handaki limejaa gesi kupita kiasi, kumetulia, wewe kwa wema wako unafungua tundu la hewa ili usafishe, gesi inapungua, inapita kwenye ile asilimia 15, na kuna mjinga kaacha taa ya wazi inawaka. Niliuliwa hivyo mara tatu na nikawa naisimulia kwa fahari.

Na ile taa je? Humphry Davy alitengeneza taa yake ya usalama mwaka 1815, mwali umezungushiwa wavu wa waya, na wachimbaji waliusoma ule mwali kama barua. Ukirefuka na kuvaa kofia ya rangi ya buluu, methani ipo. Ukififia na kutaka kuzimika, oksijeni imekwisha. Gemu ya zamani ilikuwa na hiyo! Ilibidi usogeze picha mpaka kwenye taa mkononi mwa mtu wako, uutazame mwali, uamue. Usiku wa manane, umevaa spika za masikioni, unamwona Tovi ananyanyua taa kidogokidogo kuelekea darini na kile kibuluu kinaanza kujitokeza juu ya mwali. Unabonyeza pozi huku mkono unatetemeka.

Wameiondoa. Mahali pake wameweka mstari mmoja juu ya skrini: kijani, njano, nyekundu. Gesi zote ni moja, zinajaa chumba chote sawasawa kama maji kwenye ndoo. Nani aliyelalamika kwamba mwali ulikuwa mgumu kusoma? Angeambiwa asogee karibu.

Ndege nao msinikumbushe. Kanari walishushwa migodini kwa sababu kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ndege mdogo huzidiwa nayo kabla ya binadamu. Uingereza ilianza kuwaondoa mwaka 1986, vilipokuja vifaa vya umeme. Kwenye gemu hii sasa kanari ni pambo la kuongeza furaha ya chumba. Hafi. Nimemweka kwenye chumba chenye mstari mwekundu, watu wanne wamelala chini wamekufa, na ndege anaimba.

Anaimba!

Akili za wachimbaji sitazisemea sana, wengine mmeshaandika. Niseme moja tu. Mchimbaji akisikia njaa ya nusu siku, anaacha mkate ulio pembeni ya kitanda chake, anapita handaki lenye gesi kwenda kuchukua mkate uleule ghalani. Mwaka 2010, kule mgodi wa San José nchini Chile, watu 33 walifukiwa mita 700 hivi chini, wakakaa siku 17 bila yeyote juu kujua kama wako hai, wakigawana vijiko viwili vya samaki wa kopo kwa kila saa 48. Walitoka wote 33, siku ya 69. Mtu ukisoma habari ile unaelewa kwamba kugawa chakula gizani ndiyo gemu yenyewe, hamhitaji hata kiumbe. Ila wa kwetu hawa hawawezi kukaa hadi jioni.

Maandishi ya menyu ni madogo mno. Basi, hilo limepita.

Suala la pesa: duka nililonunulia linarudisha pesa kama hujazidisha saa mbili za kucheza. Mimi nina 130, na sidai kurudishiwa, zile saa nilizifurahia na walistahili malipo yao. Ninachokataa ni mtu kuniuzia kitu, akasubiri nimekizoea, kisha akaingia usiku akakibadilisha kikawa kitu kingine chenye jina lilelile. Sikuulizwa. Niliwasha mashine, sasisho likajishusha lenyewe, na sevu yangu ya siku 41 ikaingizwa kwenye sheria ambazo sikuanza nazo. Nimewaandikia watengenezaji mara mbili na kuwatumia ile video. Nilijibiwa na ujumbe wa kujiendesha ulionishauri nihakikishe kadi yangu ya grafiki ina programu ya karibuni. Kadi ya grafiki, jamani! Kiumbe kapita kwenye ukuta, mnanishauri kuhusu kadi.

Ninachotaka ni kidogo. Turudishieni toleo la kabla ya sasisho kama chaguo kwenye mipangilio. Gemu nyingi zinafanya hivyo, mchezaji anachagua toleo analotaka na maisha yanaendelea. Wanaopenda kiumbe wa kuibukia popote wabaki naye, sina ugomvi nao. Na sevu iwe zaidi ya moja, angalau mpaka wamalize kujaribu vitu vyao juu ya migongo yetu.

Kwa sasa nina kikosi kipya, watu tisa, wako ngazi ya tatu. Kuna fundi matimba mpya, msichana, naye ana kikohozi, sijui kwa nini gemu hunipa wenye vikohozi tu. Wamelala. Nimebonyeza pozi tangu juzi na mashine sijaizima, kwa sababu nikiwaachia muda uende najua kitakachotokea na hakuna mlango wowote ninaoweza kuufunga.

Wewe uliyeanza kuchapa "jifunze kucheza" huko chini, nitakuwekea ile video. Iangalie picha kwa picha, halafu uje unioneshe alipitia wapi.