Bastola ya kwanza ya kulinda nyumba: Glock 19 au 43X?

Wakuu, kibali cha polisi ninacho. Bastola itakaa nyumbani tu. Nichukue ipi?

Jibu: Mkuu, chukua 19. Magazini yake inabeba risasi 15, ya 43X ni 10, na uzito wa 19 unapunguza mrusho, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma unapofyatua. Ishike kwanza ikiwa tupu: kidole kifikie triga bila kugeuza kiganja. Ukiishika kilegevu, slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua) hairudi nyuma yote, ganda la risasi linakwama, halafu watu wanasingizia bastola.

Jibu: Naongezea usafishaji. Kuifungua Glock lazima ubonyeze triga, na hapo ndipo watu hujipiga risasi. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi. Ukigeuza mpangilio, risasi nyingine inaingia chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Kagua chemba kwa macho na kwa kidole. Na sefu ifungwe ukutani kwa bolti, tafadhali, watoto wanajua kabati zote.