Ulihama klabu ya taekwondo ukakuta fomu zako (ule mfululizo wa kinga na ngumi unaokaririwa kwa mpangilio) hazitambuliki? Tupeane uzoefu

Kijani_Mkavu: Leo nimeona dogo mgeni kasimama katikati ya mstari kama kapotea sokoni, nikakumbuka yangu. Nilikuwa na mkanda wa kijani, nimeusotea kweli, nikahamia klabu nyingine. Mwalimu akasema fomu ya kwanza, wote. Nikajisemea hii si ndo Chon-Ji, fomu ya kwanza ya klabu yangu ya zamani, hata usingizini naifanya. Aisee hatua nne za mwanzo tumeenda sawa kabisa, kushoto kinga ya chini, ngumi, geuka kulia kinga ya chini, ngumi. Ya tano tukageukia mbele, bado sawa. Kumbe wao wanafanya Taegeuk Il Jang, ndo ya kwanza kwao! Wakapiga ngumi palepale walipo, mimi nikasonga mbele na ngumi, halafu nikageuka nyuma kama Chon-Ji inavyotaka, wenzangu wote wanaenda kulia mi peke yangu natazamana na mstari wa nyuma, kinga, hatua, ngumi, ikatua mbavuni kwa dada mmoja ambaye hana hili wala lile. Ukumbi mzima kimya.

TekeLaJioni: 😂😂 yamenikuta hayahaya ila mi nilikanyaga mtu tu

MzeeWaKwan: Vijana msishangae. Kabla jina la taekwondo halijapatikana 1955, Korea ilikuwa na shule nyingi zinaitwa kwan, kila moja na mkubwa wake, na waanzilishi wake wengi walishajifunza karate Japani, kwa hiyo walichofundisha ni kata, yaani fomu za karate, kwa matamshi ya Kikorea. Jenerali Choi na watu wake wakatunga za kwao, Chon-Ji ikiwemo, zikafika 24, na ITF, shirikisho aliloanzisha 1966, ikashika hizo. Upande wa pili wakatoa fomu za Palgwe, kisha Taegeuk nane ambazo Kukkiwon, makao makuu ya upande huo kule Seoul, wanazo mpaka leo. Mimi nimekulia Palgwe, misimamo mirefu ya kuua magoti, nikaja kuambiwa kwenye Taegeuk nisimame juu kama naenda dukani. Nilihisi nadanganya.

PumseDamu: Mzee shikamoo, huo ndo msimamo wa kutembea wenyewe. Afadhali sisi wa Taegeuk kuliko ITF wanavyopanda na kushuka kama wako kwenye mtumbwi

Tul24: Mtumbwi?? Uzito unashuka pamoja na ngumi, nguvu ndo inatoka hapo. Nyie mnapozi kwa picha

PumseDamu: sawa nahodha

Gi_Nyeupe: Mnagombania nini na mmekopa kwetu karate

Tul24: We kwenu kwenyewe mnaelewana?

Gi_Nyeupe: Hapo umenishika. Nilitoka mtindo wa karate wa Wado nikaenda wa Shotokan, nikaambiwa kata ya Heian Shodan, yaani Heian ya kwanza, nikatoa Pinan Shodan, ya kwanza ya kwetu, kwa kujiamini, watu wakanitazama tu. Kumbe Funakoshi, baba wa Shotokan, alipobadili majina ya Pinan kuwa Heian alipindua na mpangilio wa mbili za kwanza, Shodan yao ndo Nidan yetu, yaani ya pili

BadoNipo: Mi sijahama hata siku moja, fomu ndo zimenihama. Nilisoma Ko-Dang, moja ya zile 24 za ITF, nikaacha mazoezi, narudi naambiwa iliondolewa tangu miaka ya 1980, sasa ni Juche. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa hajaambiwa au alikataa tu, sijui

TekeLaJioni: Ushauri kwa wanaohama, vaa mkanda mweupe uanze moja, utakuwa na amani

Tul24: Usithubutu! Mkanda umeutolea jasho. We simama mstari wa mwisho uige wa mbele

Gi_Nyeupe: Wa mbele akigeuka nyuma je? Fomu zote zinageuka, nyuma yako kuna ukuta, utaiga nini

PumseDamu: ataiga ukuta

MzeeWaKwan: Muulizeni mwalimu kabla hamjavua viatu anafundisha zipi. Na ile ya zamani usiiache, ifanye nyumbani.

BadoNipo: Mi naona ukizichanganya mbili unaharibu zote, iache tu

TekeLaJioni: Jamani tunasahau la maana, yule dada wa mbavu alisemaje?

Kijani_Mkavu: Ndo alikuwa mwalimu msaidizi. Alinivuta pembeni akanifundisha Il Jang yote siku ileile. Ila mpaka leo nikigeuka tu, yeye anarudi hatua moja.