Naomba ushauri: najiandaa na IELTS (mtihani wa kupima Kiingereza) kwa kujisomea mtandaoni
Habari zenu wakuu. Nataka kufanya IELTS Academic na najisomea mwenyewe mtandaoni baada ya kazi. Kusikiliza na kusoma hakunisumbui sana, mazoezi ya bure yapo tele na majibu unajisahihishia. Kasheshe ni kuandika. Ile insha ya pili inataka maneno yasiyopungua 250, na muda unaoshauriwa ni dakika 40. Namaliza, naisoma, naiona safi tu, ila nani wa kuniambia kama ni ya alama 6 au 7? Programu za kusahihisha zinakamata sarufi, lakini hoja zikipwaya zinanyamaza.

Kwenye kuzungumza kuna pale unapopewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujipanga, kisha uongee hadi dakika 2 mfululizo. Najirekodi kwa simu. Nikifika katikati maneno yanakauka, zinabaki "eee" tupu.

Mliopita njia hii, mlimpata wapi mtu wa kusahihisha insha bila kulipia kozi nzima? Na kuna anayetaka tufanye mazoezi ya kuongea kwa simu jioni? Wale wa "nenda YouTube", huko nimeshatoka jamani.