Hoteli za Kigoma mjini: ugali wa kuongeza bure, mboga ya kuongeza elfu moja. Mnatuulia wazee!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha.

Jumanne nilimleta baba mjini kutoka Kasulu kwa ajili ya kliniki ya kisukari. Ana miaka 67, huu ni mwaka wa 9 na huu ugonjwa. Siku ya kliniki anatoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu mdomoni kwa sababu anapimwa kabla ya kula. Kisha foleni ya vipimo, foleni ya daktari, foleni ya dawa. Tumetoka pale saa nane kasoro. Mtu anayemeza vidonge vya kushusha sukari huwezi kumwambia avumilie njaa mpaka Kasulu. Ikishuka chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia (mmol/L) anaanza kutoka jasho na mikono inatetemeka. Nimemwona hivyo mara mbili, sitaki ya tatu. Kwa hiyo kula hotelini kwetu siyo starehe, ni sehemu ya matibabu yake.

Tukaingia hoteli moja pale Mwanga. Jina siweki, na kwa kweli wanaofanya hivi ni wengi. Kabla hatujakaa nikamfuata mhudumu, nikamwambia kwa upole: dada, mzee ana sukari, naomba ugali nusu, mgebuka (samaki wetu wa ziwani) wa mchemsho, na matembele yawe mengi. Jibu: "Kaka, hapa hatuuzi nusu." Nikamwambia sihitaji punguzo, nitalipa 6,000 yote, ninachoomba ni ugali upungue na mboga iongezeke. Akaenda jikoni, akarudi na jibu la pili: mboga ya kuongeza ni 1,000.

Wakati huohuo jamaa wa meza ya pili aliita "ongeza ugali", akaletewa donge zima kwenye kisahani. Bure.

Naomba tukae hapohapo kidogo. Kitu ambacho daktari anamwambia baba apunguze, hoteli inakigawa bure. Kitu anachoambiwa aongeze, kinauzwa. Najua sababu: unga wa muhogo mkoa huu ni rahisi, unatoka kwetu Kasulu, Kibondo, Kakonko, na ndio unaojaza tumbo la mteja aondoke amesifia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 niliona kwa macho yangu: kipande cha samaki kilipungua, ugali ukanenepa, bei ikabaki ileile.

Sahani ikaja. Ugali mkubwa kama kofia ya baraghashia, mgebuka umekaangwa na kumwagiwa mawese (wakati niliomba mchemsho), na matembele kijiko kimoja yamesukumwa pembeni.

Kliniki walimfundisha baba kupima kwa mkono wake mwenyewe, maana mizani hatembei nayo. Ugali usizidi ngumi yake moja. Samaki au nyama, kiganja, bila vidole. Mboga za majani, viganja viwili vilivyokusanywa pamoja. Au ukitazama sahani: nusu mboga, robo wanga, robo samaki. Kile alicholetewa kilikuwa ngumi tatu na nusu. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu, tena unateleza, unamezwa bila kutafunwa, mtu anakuja kushtuka ameshamaliza.

Nikamwita mwenye hoteli. Mama mtu mzima, nilimwamkia vizuri, nikamweleza. Akanijibu mbele ya wateja: "Mwenye masharti anapikiwa na mkewe." Baba akainamisha kichwa. Wakuu, mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Yule mama hakujua, lakini hakupaswa kujua chochote ili amheshimu mzee mwenzake.

Sasa najua kuna watakaokuja hapa na "kwani alilazimishwa kumaliza?" Hawa hawajaishi na wazee wetu. Baba amelelewa kwamba chakula hakibakizwi, kubakiza ni kumtukana aliyepika. Nilijaribu kumega ule ugali niuweke kwangu, akanishika mkono, akasema, "Umeshalipia, mwanangu." Akala wote. Aliula kwa aibu, kwa adabu, kwa kuhurumia hela yangu. Nikaomba basi kilichobaki kwenye sahani yangu nifungiwe, angalau nimwonyeshe kwamba kubakiza si kosa. Wakasema vifungashio hakuna, mifuko ya plastiki imekatazwa. Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu Juni 1, 2019! Miaka yote hii hamjapata bakuli moja la mfuniko la kumuuzia mteja?

Saa kumi jioni tukiwa stendi tunasubiri gari lijae, nikatoa mashine nikampima. Asubuhi alikuwa 7.4. Pale stendi 17.8. Tumeambiwa saa mbili baada ya kula isizidi 10. Akaniuliza imesomaje. Nikamdanganya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela na kuliko maneno ya yule mama.

Nikitoka kwenda kunawa nilipita nyuma ya jiko. Kuna ndoo mbili za makombo zimejaa, ugali mtupu, zinasubiri mwenye bata aje kuzichukua. Kwa hiyo hata wateja wazima hawaumalizi. Mnapika, mnasonga, mnachoma mkaa, mnamwaga, halafu mtu akiomba apunguziwe mnamwona mkorofi?

Na jambo lenyewe halihitaji semina. Mama lishe wa kule Kibirizi, karibu na wanaposhusha dagaa, anafanya kila siku. Unafika, anakuuliza "wa shilingi ngapi?" Ukisema ugali wa mia tano, anakukatia wa mia tano. Ukisema mboga ya elfu, anapakua mboga ya elfu. Hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Yule mama ana benchi moja na masufuria matatu. Nyie wenye viti vya kuzunguka na televisheni ukutani mnashindwa wapi?

Soda nayo. Ukikaa tu, kabla hujaagiza, chupa imeshawekwa mezani na kifunguo juu yake. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35, hiyo ni zaidi ya vijiko vinane vya chai. Maji mpaka uyaombe mara mbili.

Kwa wenzangu wenye wagonjwa, nimejifunza kwa maumivu, nawapa ninachofanya tangu Jumanne. Natembea na bakuli langu la mfuniko kwenye begi. Sahani ikifika tu, kabla mzee hajanawa, nachota nusu ya ugali naifunika humo na kumwambia "hii ya jioni, baba". Akiambiwa ni ya jioni anakubali, kwa sababu hakijatupwa. Akishaanza kula usijaribu tena, umechelewa. Mboga naagiza sahani yake peke yake, nalipa, aanze nayo. Mchemsho nauagiza nikiwa nimesimama jikoni, si mezani. Na sombe (kisamvu) la hotelini nimeliacha, ni jani zuri lakini linaogelea kwenye mawese.

Lakini mbona mzigo wote ni wangu? Mimi ndiye nibebe bakuli, nisimame jikoni, nilipe mboga mara mbili, nitukaniwe mzazi, na bado 6,000 yenu iko palepale?

Wenye hoteli mnaosoma hapa, ninachotaka ni vitu vitatu. Andikeni ukutani bei ya nusu sahani, hata mkisema 4,000 nitalipa bila kulalamika. Na mtu akisema ugali upungue, mbadilishieni na mboga bila kumtoza, kama mnavyoongeza ugali bila kutoza. Na wale wadada wanaohudumia msiwafokee wakileta maombi ya mteja jikoni. Yule wa Jumanne aliniambia kwa sauti ya chini kwamba akikata nusu anakatwa mshahara.

Baba anarudi kliniki mwezi ujao, wiki ya pili. Kuanzia juzi anasema safari hiyo atabeba viazi vyake kwenye mfuko wa koti ale kwenye benchi la nje, hataki tena kuingia hoteli. Mwenye kujua sehemu Mwanga, Katubuka au karibu na stesheni ya reli wanakopima chakula mtu anavyotaka, na wanaongea na wazee kwa heshima, naomba anitajie hapa chini. Nitatembea kwa mguu hata kama ni mbali.