Kazi ya nyumbani kwa WhatsApp: ipigwe marufuku Lamu?

Mzazi, Langoni: Mimi nasema ipigwe. Nyumba nyingi zina simu moja ya intaneti, nayo ni ya baba. Baba akiwa mvuvi, ameondoka nayo alfajiri. Akirudi magharibi bando limekwisha, na mtoto anadaiwa kazi ya masomo matatu. Kesho anaitwa mvivu mbele ya wenzake. Huo ni uonevu.

Mwalimu, Faza: Dada yangu, uchungu wako ni wa haki, ila kinachomaliza bando ni aina ya faili. Picha ya ubao ni kilobaiti 200 hivi. Sauti ya dakika mbili haifiki nusu megabaiti. Video ya dakika kumi hula megabaiti 50 na zaidi. Tukataze video. Swali liandikwe ubaoni pia, na kazi isisahihishwe kabla ya siku mbili kupita.

Fundi wa sola, Shela: Na shule zenye tableti za mpango ule wa serikali wa 2016? Pakia masomo kwenye Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, mara moja, mahali penye mtandao mzuri, uweke katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, uipeleke kwa mashua. Ruta ikiwaka, darasa zima linasoma bila bando.

Umeme upigiwe hesabu. Tableti 30, kila moja wati-saa 19, ni 570. Ongeza upotevu, ziwe 700. Paneli ya wati 200 kwenye jua zuri hutoa kama 1,000 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, usiinywe zaidi ya nusu, yaani 600, kwa hiyo chaji mchana, jua likiwa juu. Wengi huchaji usiku, betri inakufa mapema, kisha tableti ndizo zinazolaumiwa. Adui wa pili ni chumvi: tundu la chaji huota kutu ya kijani. Ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, zisiachwe dirishani.

Mzazi, Langoni: Fundi, hapo nimekuelewa. Lakini hiyo kompyuta ndogo iko shuleni, na alasiri watoto wako chuoni, yaani madrasa. Watasoma saa ngapi?

Mwalimu, Faza: Asubuhi, nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza.

Mzazi, Langoni: Basi ufunguo wa chumba usiwe kwa mtu mmoja. Siku asipofika, mlango umefungwa, na mwenye simu kwao ameshamaliza kazi yake.