Ati "Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?" Bingwa wa mikono wa Malindi, leo tutajuana!

Bint_Barani

Jamani nimetoka huko sasa hivi, hata buibui sijavua, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye bango kubwa kushinda la mgombea ugavana, kakunja mikono kifuani, koti jeupe, "BINGWA WA MIKONO, MIFUPA NA VIUNGO". Nusu ya Malindi imeshakalia viti vyake vya plastiki, na nusu iliyobaki iko njiani inachechemea kumfuata.

Leo mtu huyo kaniuliza, mbele ya foleni nzima: "Mama, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Darasa la ngapi! Mimi! Mbele ya watoto wa watu, mbele ya mzee jirani yangu wa Maweni aliyekuja kutolewa plasta!

Ngojeni niwaeleze. Mdogo wangu ni mvuvi. Kabla ya Ramadhani alikuwa anapasua nguru bandani pale ufuoni, kisu kikateleza kikamkata kiganjani, chini ya kidole cha kati na cha pete. Kidonda chenyewe kidogo, damu ilisimama kwa leso tu. Tukampeleka kwa bwana mkubwa kwa sababu bango linasema bingwa wa MIKONO na kilichokatwa ni mkono. Akadunga ganzi, akashona ngozi, akasema "kidonda kikipona vidole vitajikunja vyenyewe." Hakumwambia kunja kidole. Hakumgusa ncha za vidole amuulize anahisi au hahisi. Simu ilikuwa sikioni muda wote, anabishana na mtu bei ya mabati!

Ngozi imeziba vizuri. Lakini akifunga ngumi, cha pete kinabaki kimenyooka peke yake, hakishuki hata kidogo. Cha kati kinapinda pale katikati, ncha haifuati. Mvuvi huyo, jamani. Hashiki mshipi, kamba ya nanga haivuti, ndoo ya maji inamponyoka. Ana mke na mtoto mchanga.

Tukaenda Mombasa, kilomita 120, kwa daktari wa mifupa aliyesomea upasuaji wa mkono. Huyo hata hakuanza na eksirei. Alivishika vidole vingine vikiwa vimenyooka, akasema "kunja hiki." Halafu akabana pingili ya kati, "sasa kunja ncha." Basi, akajua. Kila kidole, ukitoa dole gumba, kina kano mbili za kukikunja, moja inaishia pingili ya kati, nyingine inafika mpaka ncha. Cha pete zimekatika zote mbili. Cha kati imekatika ile ya ncha. Tungefika siku zile za mwanzo, zingeungwa ncha kwa ncha. Kano ikikatika hukimbilia nyuma kiganjani, ikakaa huko ikanywea na kushikamana, na njia yake kidoleni ikaziba. Sasa cha pete kinataka operesheni mbili. Ya kwanza ni ya kuweka kijiti cha silikoni kitengeneze njia upya. Miezi ikipita, ndipo kijiti kitolewe na kano kutoka mkono au mguu ipandikizwe hapo. Na hata hivyo hakutuahidi kwamba kitakunjika kama zamani.

Ndio leo nikarudi kwa bwana. Sikwenda kupigana. Nilitoa salamu, nikamuuliza kwa adabu, "Daktari, baraza limekusajili kama bingwa wa nini?" Swali moja tu. Akaweka kikombe cha chai chini taratibu, akavua miwani, akanitazama kuanzia ndara mpaka ushungi, ndipo akanitolea: "Mama, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Foleni ikacheka. Yule msichana wa mapokezi akacheka mpaka akajifunika uso na faili!

Nimesoma, bwana wee. Nimesoma kiasi cha kufungua tovuti ya KMPDC, baraza la madaktari, nikaandika jina nikatazama. Kila daktari aliyesajiliwa yumo, leseni ya mwaka huu kama anayo inaonekana, na kama ni bingwa, ubingwa wake umeandikwa ni wa nini. Leseni inalipiwa upya kila mwaka, haitoshi cheti cha fremu ukutani. Bingwa wa mifupa wa kweli amesoma udaktari miaka 6, akatumikia hospitali chini ya wakubwa zake, halafu akarudi tena darasani miaka kadhaa, akatoka na MMed, shahada ya uzamili, ya upasuaji wa mifupa au ufelo wa COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Huyu nimemtafuta. Nendeni mkatafute na nyinyi.

Darasa la ngapi! Wallahi sitalala leo.

Mgema_wa_Ganda

Pole dada. Lakini bango mmeliamini wenyewe. Hospitali ya serikali iko pale pale mjini, mnaipita mnakimbilia palipopakwa rangi mpya. Watu wa Malindi mnapenda viyoyozi.

Bint_Barani

Kiyoyozi kipi? Mle ndani ni jiko, feni imefungwa kwa kamba ya viatu! Na usinigeuzie maneno. Mtu akiandika BINGWA kwa herufi za futi nzima ni yeye mwenye kuulizwa, si aliyesoma bango. Nimemuuliza, kaniuliza darasa la ngapi.

Suwedi_Tuktuk

Kwani darasa la ngapi? Tuambie tu, hatucheki.

Bint_Barani

Nenda kalale.

Suwedi_Tuktuk

Hajajibu 😂😂😂

Mwana_wa_Langoni

Nyinyi wa Malindi mnalia na lami mnayo. Mimi niko Amu. Ami yangu aliangushwa na punda pale barabara ya ndani, akajikinga kwa kiganja. Kifundo cha mkono kikavimba kidogo, eksirei ikatoka safi, akaambiwa ni mshtuko, akapewa dawa ya kuchua. Akachua mpaka ngozi ikachubuka. Kumbe ni kile kifupa kidogo cha kifundoni upande wa dole gumba, skafoidi. Kile mara nyingi hakionekani kimevunjika kwenye picha ya kwanza. Mwenye kujua akikubonyeza kile kishimo chini ya dole gumba ukaruka, hakuachi uende hivi hivi. Atakufunga plasta na kukwambia rudi baada ya siku kumi hadi kumi na nne upigwe picha nyingine. Damu yake kinaipata kwa upande wa mbele, wa vidoleni, kikikatika katikati kile kipande cha nyuma kinakosa damu kinaweza kufa. Cha ami kimekufa. Na mpaka yeo yule aliyemwambia achue anapita ndiani anampa salamu.

Na hapo sijasema habari ya mashua ya usiku kwenda Mokowe, ng'ambo bara. Umevunjika, unalia, nahodha anakutajia bei ya mtalii.

Nahodha_Mkweli

Usitukane manahodha. Petroli ya usiku unanunua wewe?

Mwana_wa_Langoni

Mgonjwa halipi bei ya mtalii! Mna roho gani?

Nahodha_Mkweli

Juzi nimebeba mama mjamzito bure mpaka jeti ya Mokowe, mbona hilo hamlifungulii uzi?

CO_wa_Zamu

Nimesoma uzi wote nimekasirika pia, ila kwa jambo jingine. Mimi ni klinika ofisa, mtibabu wa diploma, na nawaona mnavyojiandaa kusema "kumbe si daktari". Baadhi yetu tuna diploma ya juu ya mifupa, sote tuna baraza letu wenyewe, na usiku wa manane wodini ni sisi mnaotukuta. Kuwa klinika ofisa si kosa. Kosa ni kujiita usiye. Kidonda cha kisu kiganjani, mimi namwambia mtu kunja kidole kimoja kimoja, napima hisia pande zote mbili za kila kidole kabla sijadunga ganzi, kwa sababu ukishadunga huwezi tena kujua kama neva imekatika. Nikiona kano iko nzima nashona. Nikiona imekatika naosha, nafunga, naweka banzi na kuandika rufaa siku hiyo hiyo. Hilo halihitaji ubingwa, linahitaji uaminifu.

Na mkiwa mko hapa: kidole kikikatika kikatoka kabisa, msikitumbukize kwenye barafu! Kifungeni kitambaa safi chenye unyevu, kitieni mfuko usiopitisha maji, mfuko ndio uwekwe kwenye maji ya barafu. Tunaletewa vidole vimeganda kama samaki wa friza na hakuna la kufanya.

Bint_Barani

Ahsante kaka, wewe ndiye unanielewa. Kabla ya ganzi! Yeye alidunga kwanza! Halafu ananiuliza mimi darasa la ngapi!

Bi_Mkubwa_Muyeye

Haya yote ni kwa kuwa mmewaacha mafundi wa mifupa. Zamani mtu akivunjika mkono anafungwa mabanzi ya mti, anasomewa, anapakwa mafuta, anapona anarudi shamba. Leo mashine ya sumaku, leo picha, leo koti jeupe, na vidole havikunjiki.

Mama_Twalib

Bi mkubwa, heshima yako iko pale pale, lakini hapo sinyamazi. Mwanangu alianguka kwenye mwembe, kiwiko kikavunjika. Fundi akamfunga mabanzi yakakaza. Usiku mtoto analia, vidole vimevimba vimekuwa rangi ya samawati, ukimnyoosha kidole anapiga mayowe mtaa mzima unaamka. Fundi anasema mwacheni, ndivyo mfupa unavyounga. Baba yake akachukua kisu akakata yale mabanzi yote na saa hiyo hiyo tukaenda hospitali. Daktari alisema tungengoja asubuhi misuli ingekufa na mkono ungekunjamana hivyo milele. Plasta ya hospitali nayo ikikaza ni vile vile. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, msingoje mtu yeyote, fundi wala bingwa.

Bi_Mkubwa_Muyeye

Huyo hakuwa fundi, huyo alikuwa tapeli.

Bint_Barani

NA HUYU WANGU JE?

Mazoezi_ya_Viungo

Mimi hawa huletewa baada ya operesheni, nami nina langu. Mtu kaungwa kano vizuri kabisa na bingwa wa kweli, kapewa banzi la kuvaa wiki kama 6, kapewa ratiba ya kukunja na kunyoosha polepole. Wiki ya tatu keshalivua anaenda harusini. Wiki ya nne kabeba gunia. Kano inakatika tena pwa! halafu lawama kwa daktari. Dada, mdogo wako akifanyiwa hiyo operesheni muulize mpasuaji kabla, "mazoezi nitafanya wapi na nani?" Mpasuaji wa mikono asiye na jibu la hilo, inuka uondoke. Kubeba vizito ni baada ya miezi kama 3. Mvuvi atawezaje kukaa pwani miezi hiyo, hilo ndilo muanze kupanga sasa.

Bint_Barani

Tutamlisha sisi. Mashua ataikodisha. Swali la kuuliza nimelishika, nitamuuliza huyu wa Mombasa na najua hataniuliza darasa la ngapi.

Suwedi_Tuktuk

Lakini la saba au la nane? Mimi nimeweka dau na watu hapa stendi.

Mgema_wa_Ganda

La nane, sauti ya la nane hiyo.

Bint_Barani

Nyote wawili hamna adabu.

Kijana_wa_Ngala

Tatizo si daktari, tatizo ni SHA, bima ya afya ya serikali. Tulibadilishiwa kutoka NHIF, bima ya zamani, mwezi wa 10 2024, mpaka leo nikienda dirishani naambiwa "mfumo umelala". Mfumo wa nchi nzima unalala mchana!

Mama_Twalib

Mimi nilingoja mfumo uamke mpaka mwana akalala sakafuni.

CO_wa_Zamu

Nasi tulio ndani tunalaumiwa kwa huo mfumo kana kwamba tumeuzaa sisi.

Mwana_wa_Langoni

Heri nyinyi mnaongojea mfumo. Sisi tunangojea maji yajae kwanza.

Nahodha_Mkweli

Ameanza tena.

Kijana_wa_Ngala

Ila dada mwenye uzi, ukienda Mombasa mara nyingine toka alfajiri. Ile foleni ya Mtwapa imeniua. Nilikuwa na miadi ya mguu saa nne, nimefika saa tisa, daktari keshaondoka, mguu umevimba garini.

Mama_Twalib

Mtwapa!! Usiniambie Mtwapa. Wanachimba, wanafukia, wanachimba tena. Mwaka uliopita nimekaa pale mpaka nikamjua muuza korosho kwa jina.

Bint_Barani

Jamani uzi ni wa yule bwana wa bango. Naombeni tusitoke kwenye darasa la ngapi.

Mgema_wa_Ganda

Basi gani mnapanda nyinyi? Mimi lile la saa kumi na moja limenipotezea picha za eksirei za mzee, bahasha nzima kubwa. Kondakta ananiambia "labda imeshukia Kilifi."

Kijana_wa_Ngala

Lile lile! Mimi lilinipotezea mbuzi!

Bi_Mkubwa_Muyeye

Mbuzi hapandi basi la abiria, wewe ndiye uliyekosea.

Kijana_wa_Ngala

Nimemlipia nauli, Bi mkubwa. Ana tiketi.

Suwedi_Tuktuk

Na korosho za Mtwapa za dirishani msinunue. Juu nzima, chini vumbi na maganda. Nimenunua pakiti ya mia jana nikapata punje nane. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Mama_Twalib

Mfungulie, nami nina langu la kusema kuhusu korosho.