Kuchapa mwenyewe hadithi fupi za ajabu

Swali: Wakuu, mkusanyiko una hadithi 14, kurasa 123 za A5. Nataka nakala 200, Dar. Nipeleke nini kiwandani, na nizinadi vipi?

Fundi Wino: Fikisha kurasa 128, mkuu, karatasi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16. Ndani karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, jalada gramu 300. Picha ya jalada izidi ukingo wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kitaacha mstari mweupe. Unene wa mgongo: majani 64 mara milimita 0.1 kila moja, kama milimita 6.4. Ukiukosea, jina la kitabu la mgongoni litahamia mbele. Peleka PDF, siyo Word, mistari huhama. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba.

Bi Karani: Kwanza omba nakala moja ya mfano, ifungue katikati kwa nguvu. Gundi ikikatika, kataa.

Kunadi: usiandike "hadithi za kusisimua", kila mtu anasema hivyo. Rusha WhatsApp hadithi moja nzima, maneno 600 hivi, inayoanza kama: "Mzee alirudi kutoka mazikoni kwake akiwa na njaa." Bei na namba ya kuagizia viwe ndani ya ujumbe uleule, maana ukisambazwa, aliyeutuma kwanza haonekani.

Swali: Na kurasa tano zilizobaki?

Fundi Wino: Yaliyomo, shukrani, tangazo la kitabu kijacho. Usikuze herufi ili kuzijaza, hadithi zitaonekana za watoto.